Saa ya Kufunga Duka: Namna ya Kupata Kikao cha Kuacha Pombe Ukiwa Kariakoo

Kariakoo haisubiri mwisho wa mwezi ndiyo ilipe. Kuli hulipwa akishatua mzigo, dalali akishauza, machinga akikunja turubai, mama lishe akishafuta meza ya mwisho. Kwa hiyo saa ngumu kwa mtu wa hapa anayetaka kuacha pombe inajulikana: ni kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku. Hesabu ya siku iko mfukoni, mwili umechoka, magari ya Mbagala na Gongo la Mboto yanajaa kwa kugombaniwa, na grosari imeshatoa viti nje. Anayekaa "kusubiri foleni ipungue" na chupa moja mkononi mara nyingi hupanda gari la mwisho, au halipandi kabisa.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu huyo, na kwa wa nyumbani kwake wanaomsubiri. Ninachosema ni hiki: kikao kitakachokusaidia ni kile unachoweza kukifikia kwa miguu au kwa nauli moja, katika saa ileile ambayo ungekuwa unakunywa. Ukishakubali hilo, utajua pa kuulizia, cha kuuliza, na la kufanya pale utakapoambiwa kikao hakuna.

Kabla ya kikao, mwili

Wapo watu wasiotakiwa kuacha ghafla peke yao chumbani. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, kama ukikosa pombe nusu siku jasho linakutoka na moyo unakwenda mbio, au kama umewahi kuanguka kama mwenye kifafa ulipojaribu kuacha, anzia hospitali. Mwili uliozoea pombe kila siku hushtuka inapokatwa. Kuanguka huko huweza kutokea ndani ya siku mbili za mwanzo. Homa, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo huja zaidi kuanzia siku ya pili hadi ya nne, na hali hiyo huua. Mitaani wengi hudhani ni majini, wakampeleka kwa mganga mtu anayehitaji wodi. Hospitalini kuna dawa za kuutuliza mwili kwa siku chache, pamoja na vitamini B1, ambayo mnywaji wa siku nyingi huwa ameishiwa.

Kwa aliyepo Kariakoo, Hospitali ya Mnazi Mmoja ni ya kwenda kwa miguu. Amana iko Ilala, na Muhimbili pale Upanga ina idara ya afya ya akili inayohudumia watu wenye uraibu. Ukifika, usizunguke kwa kusema tumbo linauma. Sema: "Sista, nakunywa kila siku, nataka kuacha, na nikikosa natetemeka. Naomba kumwona daktari." Taja kiasi cha kweli, na kama ni gongo, sema gongo. Daktari anahitaji kujua ili apime dozi, hayupo pale kukushtaki. Kama huna pa kuanzia kabisa, Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199.

Vikao hivi ni vya nani

Vinavyojulikana zaidi duniani ni vya Alcoholics Anonymous, ambao kila mtu huwaita AA. Walianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, na leo wako katika nchi zipatazo 180. Ni watu waliokuwa wakinywa, wanaokaa pamoja na kusimuliana wanavyoishi bila pombe. Daktari hayupo, mwalimu hayupo. Sharti la kuingia ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Ada hakuna. Kikapu hupitishwa, mwenye chochote hutia, fedha inakwenda kwenye pango na chai. Mtu akikudai kiingilio, jua hapo si AA.

Je, vinasaidia? Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Ulipolinganisha tiba zinazomwelekeza mgonjwa AA na tiba nyingine za ushauri, AA haikuachwa nyuma, na kwa kipimo cha kuacha kabisa ilitangulia. Haimfai kila mtu, lakini kwa kitu cha bure si haba.

Hapa Dar kuna jambo la ziada la kujua. Mnywaji wa pombe halali haonekani kama mgonjwa. Ni "chapombe", anachekwa kijiweni, basi. Mtumiaji wa unga, yaani heroini, ndiye aliyeshtua mji. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu watumiaji hao, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na nyumba za upataji nafuu zikaenea Zanzibar na bara. Nyingi ya nyumba hizo hufuata hatua kumi na mbili zilezile za AA, yaani mpango wake wa kuacha, kupitia ndugu yake, Narcotics Anonymous, au NA, iliyoanza California mwaka 1953. Kwa hiyo mjini hapa, watu wengi wanaoweza kukueleza hatua hizo kwa Kiswahili cha mtaani ni wale waliotoka kwenye unga. NA huihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine, na mlango wake uko wazi kwako. Ukiambiwa "hapa tuna NA tu", usigeuze njia. Kumbuka tu kwamba methadoni yenyewe haitibu pombe, na kuichanganya na pombe ni hatari.

Tafuta mtu, usitafute kibao

Vikao vya namna hii havibandiki bango mlangoni, kwa kuwa usiri wa waliomo ndio unaowafanya waje. Ukizunguka Mtaa wa Congo na Msimbazi ukisoma vibao, utaona simu, vitenge na vipodozi mpaka miguu iume. Njia ni kuuliza.

Hata AA yenyewe ilianza kwa kuuliza. Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikwama Akron baada ya dili lake kuvunjika. Alisimama katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, upande mmoja baa, upande mwingine simu na orodha ya makanisa. Akaenda kwenye simu. Alimpigia mchungaji, akapewa majina, akaendelea kupiga mpaka akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyemjua daktari mlevi anayehitaji msaada. Kesho yake Wilson na daktari huyo, Bob Smith, wakakutana. Chupa ya mwisho ya daktari ilikuwa tarehe 10 Juni, na siku hiyo ndiyo AA huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Wilson alikuwa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akapitia kwa wasio walevi wanaojua nani yuko wapi.

Kwa mtu wa Kariakoo, watu wa kuwauliza ni hawa.

Mshauri nasaha na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Hao ndio huunganisha wagonjwa na vikundi baada ya wodi, na huna haja ya kulazwa ili uwaone.

Waelimishaji rika wa kliniki za methadoni. Ni watu waliopitia uraibu wenyewe, na wanajua kikao gani kiko hai na kipi kimebaki jina.

Ofisi ya ustawi wa jamii ya Halmashauri ya Jiji. Mjumbe wa mtaa naye anaweza kukuelekeza, ila kama hutaki jambo lako lifike kwa mama mwenye nyumba kabla yako, mruke.

Viongozi wa dini. Makanisa mengi ya mjini huazima vyumba kwa vikundi, na katibu wa parokia au usharika anajua nani ana ufunguo wa chumba gani jioni gani. Imamu naye ameshaletewa kesi hizi na wazazi na wake wa watu kuliko unavyodhani.

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, namba 119, bure. Ingawa kazi yake ni dawa za kulevya, nyumba za upataji nafuu ziko kwenye uangalizi wake, na nyumba hizo huwa na vikao.

Simu yako. Tovuti za AA na NA za dunia zina ukurasa wa kutafuta vikao kwa nchi na mji. Ratiba za mtandaoni huchakaa, hivyo usipande gari kwa kuiamini tovuti peke yake. Piga kwanza.

Usimuulize anayebandika karatasi kwenye nguzo za umeme akiahidi dawa ya kumtilia mlevi kwenye chai bila yeye kujua. Dawa za hospitali zinazomfanya mtu asistahimili pombe zipo, lakini hutolewa kwa mtu anayejua na kukubali, baada ya kupimwa. Mtu aliyetiliwa kwa siri kisha akanywa konyagi anaweza kufa mezani.

Maneno ya kusema

Wengi hukwama kwenye sentensi ya kwanza. Chukua hii: "Shikamoo Mchungaji, samahani kwa usumbufu. Natafuta kikao cha watu wanaoacha pombe, AA au NA, maeneo ya mjini. Kuna kikundi kinachokutania kwenu, au kuna mtu wa kuniunganisha naye?" Kwa Padri au Shehe maneno ni yaleyale, salamu tu ndiyo inabadilika. Huna lazima ya kutaja jina lako, na hakuna ubaya kusema unamuulizia ndugu.

Ukipewa namba ya mwanakikundi, uliza mambo haya kabla hujakata simu. Siku gani na saa ngapi, na kama ni saa za Kiswahili au za Kizungu, maana "saa sita" imewapoteza wengi. Wanazungumza lugha gani, kwa sababu lugha hufuata waliokianzisha, na hutafungua moyo kwa Kiingereza cha kuokoteza. Kama ni kikao cha wazi, ambacho hata ndugu anaweza kuingia, au ni cha wahusika tu. Kama wanawake wapo. Mwisho, jengo: ghorofa ya ngapi, mlango wa mbele au wa uchochoroni, na "Kaka, nikifika nimuulizie nani?" Swali hilo la mwisho lina uzito. Mtu mwenye kiu akifika kwenye ngazi yenye giza, stoo tatu na mlango uliofungwa, hurudi chini, na chini kuna grosari.

Siku ya kwanza

Fika dakika kumi mapema. Utakuta viti vya plastiki vimepangwa duara, chupa ya chai, vikombe visivyofanana, na karatasi chache zilizochakaa kwa kupigwa kopi. Anayeongoza siku hiyo ni mwanakikundi kama wengine. Atasoma maneno ya kufungulia, kisha mmoja atasimulia: alivyokuwa, kilichotokea, alivyo sasa. Baada yake wengine huchukua zamu. Anayesema hutaja jina lake la kwanza na kusema yeye ni mlevi, wenzake humwitikia. Hakuna anayemkatiza wala kumshauri. Wewe ukifikiwa, unaweza kusema, "Leo nasikiliza," na zamu ikapita bila mtu kukukazia macho.

Usiondoke kikao kinapofungwa. Zile dakika kumi za kukunja viti ndizo za kupeana namba, na namba hizo ndizo utakazozihitaji Jumamosi usiku. Kama simu yako hushikwa na wengi, zihifadhi kwa jina lisilouliza maswali: "Fundi Feni", "Dada Vitenge". Baada ya vikao kadhaa, mwombe mtu aliyekaa muda mrefu bila pombe awe mdhamini wako, yaani wa kukushika mkono katika hatua. Desturi ni mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, na ina sababu zake. Kama kikao cha kwanza kimekuchosha, jaribu kingine kabla hujaamua kwamba "mambo haya si yangu". Vikao hutofautiana kama misikiti na makanisa yanavyotofautiana kwa maimamu na wachungaji wake.

Kipangie kikao saa ya hatari

Chukua karatasi, andika siku saba. Weka alama kwenye siku unazoshika fedha nyingi: siku kontena linaposhushwa, siku mchezo wako wa upatu unapoiva, Jumamosi. Halafu weka vikao ulivyovipata. Kikao cha Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni pale Upanga kitakufaa kuliko cha Jumamosi asubuhi ng'ambo ya mji, hata kama cha Jumamosi kina watu wengi na chai yenye maziwa. Kwa siku ya alama isiyo na kikao, panga simu: umpigie nani, saa ngapi. AA ina pia vikao vya mtandaoni vinavyokwenda usiku na mchana. Kwa Kiswahili si rahisi kuvipata, lakini mwenye Kiingereza, bando na spika za masikioni anaweza kuingia akiwa ndani ya mwendokasi kutoka Gerezani hadi Kimara.

Kisha ondoa fedha njiani. Kabla hujafunga duka, tuma hesabu kwa simu kwa mtu uliyemchagua, ubaki na nauli. Badili njia ya kwenda kituoni kama ile ya zamani inapita mbele ya viti unavyovifahamu. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wengi walidhani tatizo la pombe kali ya bei ya chini limekwisha, lakini chupa ndogo ziko madukani na zinaingia mfuko wa suruali bila kuonekana. Marufuku ya serikali haikukulinda. Njia unayopita na kiasi kilicho mfukoni vinaweza.

Dini na aibu

Kariakoo ni ya Waislamu wengi, na Muislamu anayekunywa hubeba mizigo miwili: pombe, na kuificha. Wengine huogopa kwamba AA ni kanisa kwa jina jingine, hasa wakisikia kikao kiko kwenye chumba cha usharika. Chumba ni cha kuazima tu. Hatua zinamtaja Mungu, lakini kila mmoja huachiwa amfahamu kwa imani yake. Anayekwenda Msikiti wa Mtoro na anayekwenda kanisa la Azania Front wanaweza kukaa viti vinavyofuatana, na asiyekwenda popote akakaa katikati yao.

Kwa mwanamke aibu huwa kali zaidi. Mwanamume mlevi huitwa chapombe, mwanamke huitwa mengine. Dada, kama kikao cha kwanza kina wanaume watupu, omba namba ya mwanamke aliyepitia, hata kama yuko Temeke au Kigamboni. Mkutane wawili kwanza, halafu muingie pamoja.

Kwa mke, mume, mama

Huwezi kumwachisha mtu kwa kumwaga chupa, wala kwa kumwombea ruhusa kazini kila Jumatatu ukisema ana malaria. Al-Anon, kikundi cha ndugu wa wanywaji, kilianzishwa mwaka 1951 kwa sababu wa nyumbani nao huumia na huhitaji pa kusemea. Kama hukipati karibu, ingia kikao cha wazi cha AA usikilize. Zungumza naye asubuhi akiwa hajanywa, na uwe na jambo moja mkononi: siku, saa, namba ya simu, na "Baba Asha, nitakusindikiza mpaka mlangoni."

Familia nyingine huamua kumpeleka nyumba ya upataji nafuu. Kwa wengine ni sawa. Nenda kwanza bila yeye. Uliza kama inatambuliwa na Mamlaka, nani daktari wao, gharama ya mwezi ni ipi na inaandikwa risiti, ndugu wanaruhusiwa kutembelea lini, na akitoka atahudhuria kikao gani. Wakikwepa swali la daktari, au ukisikia habari za kupigwa au kufungwa minyororo, ondoka. Na miezi ndani ya uzio haina maana kama jioni ya kwanza akirudi mtaani hana pa kwenda.

Ukiambiwa hakuna

Inawezekana ukauliza kote usipate kikao cha Kiswahili jioni karibu na soko. Basi mtafute mmoja. Desturi ya AA ni kwamba wawili au watatu waliokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, maadamu hawajifungi na chama, dhehebu wala biashara. Andikeni kwa ofisi ya AA kupitia tovuti yao kuomba vijitabu na mwongozo. Ombeni chumba kwa saa moja, siku moja ya wiki, mahali pasipouzwa pombe, mkilipa kidogo kutoka kwenye kikapu ili msiwe na deni la fadhila. Chagueni saa baada ya maduka kufungwa na kabla magari hayajawa machache. Halafu mpelekeeni sista wa Mnazi Mmoja na katibu wa kanisa karatasi yenye siku, saa na namba moja ya simu. Msibadilishe siku. Kikundi kichanga huuawa na kuahirisha kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu anayekuja mara ya kwanza akikuta mlango umefungwa, harudi.

Na ukiteleza, kama wengi wanavyoteleza, usikae nje mpaka "ujisafishe". Kesho yake nenda kikao kinachofuata, hata kama bado unanukia, keti karibu na mlango, usikilize. Alimradi hufanyi fujo, hakuna atakayekutoa. Kwenye duara lile, aliyekunywa jana ndiye anayetengewa kiti kwanza.